KIDOLE, TEKE NA MOSHI: HIVI BUNDUKI ILIANZAJE KUJIKOKI?

UE zimeisha, wengi mmeshakimbilia makwenu, na huku Mlimani tumebaki sisi wachache na tumbili. Basi nikasema niandike ile mada tuliyobishana wiki ile, kabla haijanitoka kichwani. Swali lenyewe ni fupi: bunduki inapokokiwa, ni nani anayekoki?

Msicheke kwanza. Wale mliopitia JKT mnajua kukoki ni nini, mmefokewa vya kutosha kwa ajili yake. Kwa ambao hawajapita huko: ndani ya bunduki kuna nyundo, au pini yenye springi kali nyuma yake. Kukoki ni kuirudisha ile nyundo nyuma mpaka ishike, ikae inasubiri. Ukibonyeza kifyatulio (triga, kama wengi tunavyosema), inaachiwa, inagonga, baruti inawaka. Basi. Lakini ile springi lazima mtu au kitu kiikandamize kabla ya kila risasi, na nguvu hiyo haitoki hewani. Historia nzima ya bunduki za kisasa unaweza kuisoma kama historia ya kutafuta kibarua wa kuifanya kazi hiyo. Kwanza alikuwa kidole gumba. Kisha kidole cha shahada. Kisha teke la bunduki yenyewe. Kisha ule moshi, yaani gesi ya baruti. Na kwenye bastola huyo kibarua wa mwisho alikataliwa karibu miaka 80, ingawa aliyemleta alikuwa fundi mkubwa kuliko wote. Hiyo ndiyo sehemu iliyonikamata mimi.

Tuanze na gumba. Gobore la babu unaliona: unamimina baruti mdomoni, unashindilia, unaweka fataki, unavuta nyundo kwa gumba, unalenga. Samuel Colt wa Marekani alipopata hataza za rivolva yake (Uingereza mwaka 1835, kwao mwaka 1836) alipunguza kazi ya kushindilia, kwa sababu silinda lilibeba risasi kadhaa kwa mpigo. Lakini gumba lilibaki kazini. Ukivuta nyundo, silinda linazunguka nafasi moja. Ukitaka risasi ya pili, vuta tena. Wale mabwana wa kwenye sinema za kauboi wanaopiga nyundo kwa kiganja, paa paa paa, wanaharakisha kazi ya gumba tu.

Mwaka 1851 kulikuwa na Maonyesho Makuu pale London, kwenye lile jumba la vioo la Hyde Park. Colt akapeleka meza yake ya bastola. Kumbe kulikuwa na fundi Mwingereza, Robert Adams, naye ana yake, na hataza ya mwaka huohuo. Rivolva ya Adams haikuwa hata na pa kushikia nyundo. Unabonyeza kifyatulio kwa kidole cha shahada. Ukivuta nusu ya kwanza nyundo inarudi na silinda linazunguka, ukimalizia inaanguka. Waingereza wakaiita bastola inayojikoki. Mimi nadhani jina hilo ni la kibiashara zaidi. Haijikoki hata kidogo! Umehamisha kazi kutoka kidole kimoja kwenda kingine, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa anatakiwa atulie ili ulenge vizuri. Ndiyo ubishi wa watu wa Colt na watu wa Adams ulivyokuwa: wa kwanza wanasema yetu inalenga, wa pili wanasema yetu inawahi. Luteni mmoja wa jeshi la uhandisi la Uingereza, Frederick Beaumont, ambaye alipigana vita vya Crimea, akamaliza ugomvi kwa hataza yake ya mwaka 1855: bastola ileile unaweza kuikoki kwa gumba ukiwa na nafasi, au kwa kifyatulio ukiwa umebanwa. Jeshi likaichukua mwaka 1856. Mpaka leo rivolva nyingi zinafanya kazi kwa mtindo huohuo.

Sasa hapo mwanadamu bado ndiye injini. Anayekoki ni msuli, na msuli unachoka.

Aliyebadilisha hesabu ni Hiram Maxim. Mmarekani wa jimbo la Maine, mzaliwa wa 1840, mtu wa mambo ya umeme. Alivuka kwenda Ulaya mwaka 1881 akaishia kwenye karakana pale Hatton Garden, London. Alichokiona ni kitu ambacho kila mtu aliyewahi kupiga bunduki alishakisikia begani: teke. Bunduki ikilia inakurudisha nyuma. Kila fundi aliliona teke kama kero ya kupunguzwa. Maxim akaliona kama mshahara usiochukuliwa. Nguvu ipo, inapotelea kwenye bega la askari, kwa nini isitoe ganda, isivute risasi nyingine, isikoki nyundo? Kufikia mwaka 1884 alikuwa na bunduki inayofanya yote hayo yenyewe, risasi kama 600 kwa dakika, alimradi kidole kimebaki kwenye kifyatulio na mkanda haujaisha. Kwa mara ya kwanza mtu hakoki tena. Anaruhusu tu.

Teke siyo zawadi pekee iliyokuwa inatupwa, lakini. Hebu fikiria baruti inapowaka: inageuka gesi yenye shinikizo kubwa, inasukuma risasi kwenye mtutu, na risasi ikitoka, ile gesi inatoka nyuma yake kwa kishindo, bado ina nguvu kibao. Inaenda wapi? Inaenda kutimua vumbi. Maxim mwenyewe alishaiona nguvu hiyo kwenye makaratasi yake ya hataza. Aliyeifanya iende kazini sawasawa ni John Browning.

Browning alizaliwa mwaka 1855 Ogden, Utah, mji wa Wamormoni, mtoto wa fundi bunduki. Simulizi ya familia yao inasema mwaka 1889 alikuwa kwenye mashindano ya kulenga shabaha, akaona jinsi majani mbele ya mtutu yanavyolala kila bunduki ikilia. Watu wote pale walikuwa wanaangalia shabaha. Yeye akaangalia majani. Inasemekana aliondoka palepale akarudi karakana na ndugu zake. Wakafunga bunduki mezani, wakaweka kipande cha chuma chenye tundu mbele ya mtutu, risasi ipite katikati bila kukigusa. Wakapiga. Kile chuma kikarushwa. Risasi haikukigusa, kilichokirusha ni moshi tu.

Ndani ya muda mfupi wakawa na bunduki ya mkono ya zamani iliyobadilishwa: kikombe mbele ya mtutu, fimbo kurudi nyuma, moshi unasukuma kikombe, kikombe kinavuta mtambo, mtambo unakoki. Novemba 1890 Browning akaiandikia kampuni ya Colt kule Hartford kwamba ana bunduki ya rasharasha inayojiendesha, je wangependa kuiona? Wakaiona mwaka 1891. Iliyotoka kiwandani ni Colt Modeli 1895. Ilikuwa na wenzo chini ya mtutu uliokuwa unasukumwa na gesi na kupiga nusu duara kwenda chini kila risasi, ukiiweka karibu na ardhi inachimba shimo. Wanajeshi wakaiita mchimba viazi.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya gesi iwezekane miaka hiyo na siyo kabla, nayo watu huisahau. Baruti nyeusi ya zamani ni chafu mno. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inabaki kama masizi na chumvi. Jaribu kupitisha uchafu huo kwenye tundu dogo na pistoni, baada ya muda mashine inakaba. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyotoa moshi mzito, na Wafaransa wakatoa bunduki ya Lebel mwaka 1886 kwa ajili yake. Bila Vieille, wazo la gesi lingebaki kwenye daftari. Watu wa kemia mnaosema hamtajwi, leo mmetajwa.

Basi, hapo ndipo tunafika kwenye bastola.

Ukiwa Browning, umeshafanikiwa na gesi kwenye bunduki kubwa, unataka kutengeneza bastola inayojikoki. Utaanza na nini? Bila shaka utaanza na unachokijua. Ndivyo alivyofanya. Bastola ya kwanza ya kujiendesha aliyoibuni, ile aliyowaonyesha Colt mwaka 1895, ilikuwa ya gesi. Ilikuwa kama ule mchimba viazi uliogeuzwa juu chini: wenzo umelala juu ya mtutu, karibu na mdomo kuna tundu, gesi inapanda kupitia tundu, inaurusha wenzo juu na nyuma, wenzo unafungua chemba, unatoa ganda, unakoki nyundo, springi inarudisha kila kitu mbele. Ilifanya kazi. Nasisitiza hapo kwa sababu wengi wakisikia "akaachana nayo" wanadhani ilishindwa. Haikushindwa.

Tarehe 20 Aprili 1897 Browning alipewa hataza nne za bastola siku moja. Nne! Moja ndiyo hiyo ya gesi. Nyingine zilikuwa za njia tofauti: mtutu na kifuniko cha juu kurudi pamoja hatua fupi kisha kuachana, au kifuniko kurudi chenyewe kwa kusukumwa na ganda la risasi, kwa bastola dogo. Ni kama mtu aliyeandika majibu manne ya swali moja la mtihani, akampelekea mwalimu yote. Wateja wakachagua. Colt wakatoa bastola ya teke mwaka 1900. FN wa Ubelgiji wakachukua ile rahisi ya kusukumwa na ganda. Ile ya gesi haikutengenezwa kiwandani kamwe.

Kwa nini? Nilimwuliza mwenzangu wa uhandisi, akachora kwenye karatasi ya chipsi, na nikiunganisha na niliyoyasoma naona mambo matatu hivi yanayovutana.

La kwanza ni muda. Mtutu wa bastola ni mfupi, kama urefu wa kiganja. Risasi inatoka ndani ya muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikishatoka, shinikizo linakufa. Kwenye bunduki ndefu gesi inakuwa na safari ya kutosha kuingia tunduni na kufanya kazi. Kwenye bastola ni kama kupakia abiria kwenye daladala isiyosimama. La pili ni nguvu yenyewe: risasi za bastola za enzi hizo zilikuwa dhaifu, gesi kidogo, shinikizo dogo. Na la tatu, ambalo mimi naliona ndilo lililoua wazo, ni kwamba halikuhitajika. Teke lipo bure. Kwenye bastola huhitaji tundu, huhitaji pistoni, huhitaji wenzo wa kupaa mbele ya macho ya mlengaji. Unahitaji kifuniko kizito cha chuma kinachoteleza juu ya mtutu, kikirudi nyuma kinatoa ganda na kuilaza nyundo, kikienda mbele kinabeba risasi mpya. Kitu kimoja, kazi zote. Browning mwenyewe ndiye aliyebuni kifuniko hicho. Alijishinda mwenyewe.

Njia hiyo ndiyo ikazaa ile Modeli 1911 ya jeshi la Marekani, ambayo kwenye majaribio ya Machi 1911 ilipigishwa risasi 6,000. Na bastola ndogo ya FN Modeli 1910, ubunifu uleule wa Browning, ndiyo Gavrilo Princip alikuwa nayo mkononi Sarajevo mwezi Juni 1914. Vita vilivyofuata vikafika mpaka Tanga na Mahiwa, mnajua. Browning alikufa mwaka 1926 akiwa kiwandani kwa FN kule Ubelgiji.

Kuna Mwingereza mmoja, George Fosbery, ambaye naye aliingia kwa mlango wake: akachukua rivolva akaifanya itumie teke. Sehemu ya juu yote inateleza nyuma, inakoki nyundo, na mifereji ya zigizaga kwenye silinda inalizungusha. Webley wakaitoa mwaka 1901. Nzuri kuiangalia. Kwenye tope ile mifereji ilikuwa tatizo, na haikudumu.

Ajabu ni kwamba hata kidole cha Adams hakikustaafu. Bastola za kujikoki zina udhaifu mmoja: risasi ya kwanza. Mashine inajikoki baada ya kupiga. Kabla ya kupiga, nani aikoke? Walther PP ya Ujerumani, mwaka 1929, ikajibu hivi: risasi ya kwanza ikokiwe kwa kuvuta kifyatulio, kama Adams 1851, zinazofuata zikokiwe na kifuniko. Na kampuni ya Heckler & Koch ikaja na jibu la ajabu zaidi miaka ya 1970. Baada ya mauaji ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 polisi wa Ujerumani Magharibi walitaka bastola mpya, na mojawapo ya zilizotokea ni P7. Hii inakokiwa kwa kuminya mpini. Ukiishika kwa nguvu imekokiwa, ukilegeza mkono imelala. Na ndani yake kuna gesi! Lakini gesi yake haikoki. Inaingia kwenye silinda dogo chini ya mtutu kuzuia kifuniko kisirudi mapema. Yaani yule kibarua aliyekataliwa kazi ya kusukuma kaajiriwa kama mlinzi wa mlango.

Gesi ikaja kupata kazi yake halisi kwenye bastola pale risasi zilipokuwa kali kupita kiasi. Wale wa Counter-Strike mnaijua "Deagle". Desert Eagle ni ya kampuni ya Magnum Research ya Minnesota, iliyoanzishwa 1979. Hataza iliombwa 1983, na Israel Military Industries wakaikamilisha. Kwa risasi za Magnum, njia ya Browning ya kifuniko inapata shida, basi wakarudi kwenye tundu na pistoni, na kufuli la kuzunguka kama la bunduki ya M16. Ni bunduki iliyokatwa ikawa bastola. Ndiyo maana ina uzito wa karibu kilo 2 na inaonekana kwenye sinema zaidi kuliko kwenye kiuno cha polisi. Wazo la 1895 lilikuwa sahihi, lilikosa risasi ya kulistahili.

Kwenye SMG ya JKT, kwa taarifa yenu, gesi ndiyo bosi. Lile bomba juu ya mtutu mlilokuwa mnasafisha kwa kitambaa ni nyumba ya pistoni. Yale majani ya Utah yako pale.

Sasa, mtaniuliza mwanafunzi wa historia anahangaika nini na nyundo na springi. Ngoja nirudi mwaka 1890.

Mwaka huo ambao Browning anaandika barua kwa Colt, tarehe 2 Julai, wakubwa walikuwa wameshaweka sahihi Mkataba wa Brussels. Tunausoma kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini una vifungu vya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini, kuingiza bunduki za kisasa kulipigwa marufuku, isipokuwa kwa serikali zenyewe na wenye vibali vyao. Mwafrika wa kawaida aliachiwa nini? Gobore la jiwe la kiberiti lisilo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida, tena kupitia maghala ya serikali. Marufuku ilivuja, magendo yalikuwepo, lakini maandishi yako wazi. Ulaya inavuka kutoka kidole kwenda teke, inaanza kwenda gesi, na wakati huohuo inaandika sheria kwamba huku kwetu mwisho ni gumba.

Na mashine ya Maxim ilishafika mapema. Stanley alipopita Unguja Februari 1887 kuajiri watu karibu 600 kwa safari yake ya kumfuata Emin Pasha, alikuwa na bunduki ya Maxim, zawadi ya mwenye kuitengeneza. Iliyobebwa na nani msituni? Na Waungwana wa Zanzibar, mabegani.

Bombomu, ndivyo kamusi zetu zinavyoiita. Haikuwa miungu. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Zelewski ukiwa kwenye mstari, silaha nzito zikiwa bado mizigoni, kwa mikuki, karibu karibu. Zelewski mwenyewe akafa, na Wahehe wakaondoka na mamia ya bunduki. Mashine inayojikoki bado inahitaji mtu wa kuishusha begani na kuisimamisha.

Mahenge ilikuwa imeshasimamishwa. Tarehe 30 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa na mwezi mmoja hivi, maelfu ya watu walilishambulia boma lililokuwa chini ya Kapteni von Hassel. Kinjikitile Ngwale alikuwa ameshanyongwa Mohoro tangu tarehe 4. Ukiusoma uwanja ule kwa jicho la leo unaona vizazi vyote vya kukoki viko pale kwa wakati mmoja. Wanaokuja wana mikuki na magobore: kidole gumba, risasi moja, kushindilia tena. Askari wa boma wana Mauser ya 1871, ya risasi moja moja; ukiinua mkono wa kufulia, pini inakokiwa, kwa hiyo ni kazi ya mkono mzima. Na juu ya boma kuna bunduki za rasharasha, ambako hakuna mkono unaokoki chochote. Mtu mwenye gobore akiwa bado anashindilia baruti yake, mashine ilikuwa inaweza kupiga mamia. Waliwakaribia sana kabla ya kuanguka. Walirudi tena. Boma lilizingirwa mpaka kikosi cha Nigmann kilipofika kutoka Iringa mwezi Septemba.

Shuleni wengi tulifundishwa kwa haraka kwamba walishindwa kwa sababu waliamini maji. Mimi maelezo hayo yananikera. Yanafanya ionekane kama imani ilipigana na sayansi, ikapigwa, basi. Watu wa Kilwa, Liwale, Mahenge na Songea walizijua bunduki vizuri, walikuwa nazo, walizitengeneza wenyewe zikiharibika, na ndiyo maana hasa maji yale yalilenga risasi na siyo kitu kingine. Kilichokuwa tofauti siku ile ni bidhaa ya miaka 20 na ushee, iliyokuwa inauzwa kwa katalogi Ulaya, na ambayo mkataba uliotiwa sahihi Brussels miaka 15 nyuma ulisema wao wasiipate. Hata maji yenyewe: bombomu la Maxim haliwezi kufanya kazi bila maji, lita 4 hivi kwenye ile koti ya kuzunguka mtutu, la sivyo linaungua. Wapande zote mbili walikuwa na maji yao pale. Ya upande mmoja yalikuwa ya kupooza chuma.

Na bunduki hazikuwa ndizo zilizoua wengi. Serikali ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Wanahistoria wetu waliofuatilia baadaye wanafika 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi mpaka mwaka 1907. Kiberiti hakihitaji kukokiwa.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya hapahapa Mlimani ilituma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vile. Wanafunzi kama sisi, wakati wa likizo kama hii. Wale wazee hawapo tena, ila wajukuu wapo, na baadhi yenu ndio mko huko nyumbani sasa hivi. Kwa hiyo naomba: mlioko Mahenge, Ifakara, Liwale, Kilwa, Songea, mkikaa jioni na bibi au babu, muulizeni kama aliwahi kusikia hiyo bunduki ya bomani iliitwaje kwa kilugha chenu. Kiswahili kinasema bombomu. Nataka kujua Wapogoro, Wambunga na Wangindo waliisikia inaliaje.